Safari ya Pikipiki Katika Meksiko, na Wema wa Watu Wasiokujua



Katika jiografia tunafundishwa inchi ya Meksiko kwa maneno machache tu: watu wanasema Kispania, inchi inatoa madini ya feza kupita inchi zote za dunia, mji mukuu wake ni mukubwa sana. Tunaandika katika kaye, tunashika kwa kichwa, egzame inapita, tunasahau. Leo sisi wa darasa ya mwisho tunataka kueleza kitu ambacho hakimo katika kaye: namna gani mutu mumoja, juu ya pikipiki, anaweza kuvuka inchi ile yote, na kwa sababu gani wengi waliofanya safari ile, wakirudi kwao, hawaongei sana juu ya milima wala bahari. Wanaongea juu ya watu waliowasaidia bila kuwajua hata jina.

Tutajaribu pia kujibu ulizo moja: je, wema ule ni tabia tu ya watu wa kule, wamezaliwa nayo, ao ni kitu kinachotayarishwa? Tunaomba musome mpaka mwisho, sababu jibu linatugusa sisi wenyewe.

1. INCHI NA NJIA ZAKE

Meksiko inapata kilometa za mraba karibu 1,960,000. Kongo yetu inapata karibu 2,345,000. Basi inchi ile ni ndogo kidogo kupita yetu, lakini watu wake ni zaidi ya milioni 126 kwa hesabu ya mwaka 2020. Upande wa kaskazini inapakana na Marekani, na mupaka ule unapita kilometa 3,100. Mutu akitoka Tijuana, kule juu, mpaka Tapachula karibu na Guatemala, atapiga karibu kilometa 4,000. Ni mbali sana kupita njia ya Lubumbashi mpaka Kinshasa.

Wasafiri wengi wa pikipiki wanaanza na Baja California. Ni kipande cha inchi kirefu na chembamba kinachoingia baharini sawa kidole. Barabara namba 1 inakipita chote, karibu kilometa 1,700, na ilimalizika mwaka 1973. Mbele ya mwaka ule ilikuwa mawe, muchanga na vumbi. Hata leo ni jangwa. Kati ya El Rosario na Guerrero Negro kuna zaidi ya kilometa 300, na pompi ya esanse ni shida kuipata.

Hapa tufanye hesabu kidogo. Pikipiki yenye tanki ya lita 12, inayoenda kilometa 22 kwa lita moja, itafika wapi? 12 mara 22 ni 264. Haifiki. Musafiri ambaye hakubeba bido atabaki njiani. Lakini katikati ya jangwa, pahali panaitwa Cataviña, kuna watu wanaotega mapipa na mabido kando ya barabara na kuuza esanse. Bei inapanda kidogo, lakini bila wao safari inakufa pale. Sisi tunawajua watu wa kazi ile vizuri: ndio tunaowaita kwetu kadafi!

Karibu na mwisho wa kidole kile, katika mji wa La Paz, musafiri anapanda mashua kubwa pamoja na pikipiki yake na kuvuka mpaka Mazatlán. Toka Mazatlán anapanda milima kuelekea Durango kwa njia ya zamani inayoitwa Espinazo del Diablo, maana yake Uti wa Mugongo wa Shetani. Ni makona juu ya makona, huku ukuta wa jiwe, huku shimo. Toka 2013 kuna barabara mupya yenye kulipisha, na daraja yake ya Baluarte iko karibu meta 400 juu ya muto. Kule Meksiko mara nyingi iko hivyo: njia mbili kwa mji mumoja, moja ya kulipa na moja ya bure. Ya kulipa inaenda mbio. Ya bure inapita katikati ya vijiji, na ndiyo inayokutana na watu.

Mji wa Mexico uko meta 2,240 juu ya bahari. Pale pikipiki ya zamani yenye karburateri inaanza kulegea, na fundi anaelewa mara moja. Juu ya mulima hewa ni nyepesi, lakini esanse inaingia sawa mbele. Basi esanse inakuwa nyingi kupita hewa, buji inaingia weusi, nguvu inapungua. Dawa yake ni kupunguza esanse kwa kubadilisha kale kadude kadogo kanakoipimia njia ndani ya karburateri. Karibu na mji ule kuna mulima Popocatépetl, wenye karibu meta 5,400, ambao toka 1994 unatoa moshi na majivu. Ndugu zetu wa Goma hawahitaji tuwaeleze maana yake.

Kisha kunakuja milima ya Oaxaca, na matuta ya kupunguza mbio kila kijiji, yanayoitwa kule topes. Mengine hayana rangi wala kibao, na pikipiki inayokuja mbio inaruka sawa mbuzi. Kisha inchi inakuwa nyembamba, karibu kilometa 200 tu kati ya bahari mbili, na pale La Ventosa upepo unavuma kwa nguvu hata kupindua makamyo. Watu wa kule wamesimamisha mashini nyingi za upepo kwa kutengeneza umeme. Musafiri wa pikipiki yeye anainama, anashika sana, na anaenda polepole.

2. KWA NINI PIKIPIKI INALETA WATU KARIBU

Mutu mwenye motokari iko na milango, vioo na paa. Anaweza kupita inchi nzima bila kusema jambo na mutu. Mwenye pikipiki hana kitu kile. Mvua inamupiga mbele ya watu wote. Akianguka, wanamuona. Akichoka, wanamuona. Pikipiki kubwa yenye mizigo inapita kilo 200. Ikilala katika muchanga, mutu mumoja anateseka kuisimamisha. Wawili wanaweza. Basi pikipiki inafanya haja ya mutu ionekane wazi, na haja ikionekana, mwenye kuwa karibu anapaswa kuchagua: ataangalia pembeni, ao atakuja kushika?

Tena watu wengi wa Meksiko wanajua pikipiki kwa sababu wao wenyewe wanazitumia kila siku, zile ndogo za kwenda kazini na kubeba mizigo, sawa kwetu. Kuna zile za Italika, zinazouzwa kule toka 2005. Kwa hiyo hata katika kijiji kidogo hukosi fundi. Ukiona mupira wa zamani wa gari umetundikwa kando ya njia, umeandikwa kwa rangi nyeupe, ujue pale wanaziba mipira. Fundi wa namna ile hatazami kwanza unatoka inchi gani. Anatazama gurudumu.

Kuna Mwingereza mumoja, Ted Simon, aliyetoka London mwezi wa 10 mwaka 1973 juu ya pikipiki Triumph. Alishuka Afrika, akapita Sudan, Ethiopia, Kenya na Tanzania mpaka Afrika ya Kusini, akavuka bahari mpaka Brazil, akapanda Amerika yote na Meksiko ndani yake mpaka California, akaendelea mpaka Asia. Ilimuchukua miaka 4. Katika kitabu alichotoa mwaka 1979 anaonyesha ya kwamba kuharibikiwa njiani hakukuvunja safari yake. Ni pale alipokutana na watu. Na Emilio Scotto wa Argentina alizunguka dunia kutoka 1985 mpaka 1995, kilometa zaidi ya 735,000. Tufikiri wenyewe: nani anaweza kubeba feza, chakula na vyuma vya kutosha miaka 10? Hakuna. Mutu wa namna ile anaishi kwa mikono ya wengine.

3. WEMA ULE UNATOKA WAPI?

Wengine watasema: watu wa Meksiko ni wazuri, basi. Sisi tunaona jibu lile ni fupi mno. Wema wa kule uko na mizizi, na tunaweza kuionyesha mumoja mumoja.

Kwanza, lugha. Mutu wa Meksiko akikueleza nyumba yake ilipo, mara nyingi haisemi "nyumba yangu". Anasema "nyumba yako", maana yake karibu, ni kwako. Akipita karibu na watu wanaokula, hata hawajui, anawatakia chakula chema kwa neno moja: provecho. Ni maneno madogo, lakini mutoto anayakuta toka utoto, na kinywa kinafundisha moyo.

Pili, desturi za zamani. Katika milima ya Chihuahua, kwenye mabonde makubwa ya Barrancas del Cobre, kunakaa watu wanaoitwa Rarámuri, wenye kujulikana duniani kwa kukimbia mbali sana. Wao wako na neno kórima. Mwenye kukosa anaenda kwa mwenye kuwa nacho, anaomba sehemu yake. Si aibu, na mwenye kutoa hajivuni, sababu kwao kugawa ni wajibu. Katika Oaxaca Wazapoteki wako na guelaguetza: jirani akifanya karamu, unamuletea kuku, mahindi ao kazi ya mikono, na inaandikwa, ili siku yako nawe ikifika, akurudishie. Tena kuna tequio, kazi ya kijiji kizima bila mushahara, kwa kutengeneza njia, kusafisha maji ao kujenga masomo. Wazazi wetu wataitambua kwa jina lingine: salongo. Mutu aliyezoea kutengeneza barabara kwa mikono yake haoni musafiri aliyekwama juu ya barabara ile kuwa jambo la wengine.

Tatu, kazi ya serikali. Toka 1960 kuna Ángeles Verdes, maana yake Malaika wa Kijani. Si malaika wa mbinguni. Ni mafundi wa wizara ya utalii wenye magari ya kijani, wanaozunguka barabara kubwa kusaidia wenye kuharibikiwa. Namba yao ya simu ni 078. Kazi ya mikono yao ni bure. Unalipa tu chuma na esanse. Hapa tunaona ya kwamba wema unaweza kupewa gari, mushahara na namba ya simu, na bado ukabaki wema.

Nne, mateso ya pamoja. Tarehe 19 mwezi wa 9 mwaka 1985 tetemeko kubwa lilivunja sehemu za mji wa Mexico na kuua maelfu ya watu. Watu wa kawaida wakatoka kuchimba kwa mikono, na vijana wengine wakaunda kundi la Topos, maana yake Fuko, kwa sababu walikuwa wanaingia chini ya udongo sawa nyama yule kutafuta wazima. Tarehe ileile, 19 mwezi wa 9, mwaka 2017, inchi ikatetemeka tena na zaidi ya watu 300 wakafa. Wachimbaji walikuwa na alama moja: mukono ukiinuliwa juu na ngumi kufungwa, wote wananyamaza kimya, ili kusikia kama kuna sauti chini ya mawe. Fikirini umati mukubwa mjini unanyamaza kwa ajili ya mutu mumoja ambaye hakuna anayejua jina lake.

4. TUSIDANGANYANE

Kama tungeacha hapa, tungekuwa tumeandika nusu ya kweli tu. Meksiko iko pia na hatari. Toka mwisho wa 2006 serikali iliingiza waaskari kupigana na makundi yanayouza madawa ya kulewesha, na watu wengi sana wamekufa. Mwaka 2022 hesabu ya serikali ya watu waliopotea bila kujulikana walipo ilipita 100,000. Kwa hiyo wasafiri wenye akili wanashika amri: usipande usiku, sababu ya ngombe, mashimo, topes zisizoonekana na waizi, fika mbele ya jua kuzama, uliza kwanza.

Uliza nani? Ni hapa jambo linapendeza. Hatari ya njia haimo katika karte. Iko katika kichwa cha mama anayepika kando ya barabara, cha fundi wa mipira, cha dereva wa kamyo. Mama yule akisema "Usipite kule, rudi kwa njia kubwa", amekupa kitu kupita chakula. Basi wema si kuinua pikipiki tu. Kusema ukweli juu ya njia ni wema pia, na kumudanganya mugeni njia ni kama kumusukuma shimoni.

Lakini kuna jambo zito kupita lile. Musafiri mwenye pikipiki nzuri, pasipoti nzuri na feza mufukoni, ni rahisi kumupenda. Anachekesha watoto, anakula, anashukuru, kesho anaenda. Tunajua wema wa mutu kwa namna anavyomutendea yule ambaye hana kitu.

Katika jimbo la Veracruz, karibu na Amatlán de los Reyes, kuna kijiji kinachoitwa La Patrona. Reli inapita pale. Juu ya mabehewa ya treni za mizigo wanapanda watu masikini, wengi kutoka Honduras, Guatemala na El Salvador, wanaotafuta kufika Marekani. Treni ile wanaiita La Bestia, Nyama Mukali, sababu wengine wanaanguka na kukatwa miguu ao kufa. Mwaka 1995 mabinti wawili wa jamaa ya Romero walikuwa wanarudi dukani na mikate na maziwa. Watu wa juu ya treni wakawapigia kelele ya kwamba wako na njaa. Mabinti wakawatupia vyote, kisha wakaogopa mama yao atawakaripia. Mama hakuwakaripia. Jamaa ikakaa pamoja, ikapanga kupika.

Toka siku zile wanawake wa kijiji, wanaoitwa Las Patronas, na Norma Romero akiwaongoza, wanapika wali na maharagi, wanafunga pamoja na mikate ya mahindi katika mifuko, na wanajaza maji katika chupa na kuzifunga mbili mbili kwa kamba ili mutu aweze kuzinasa. Treni haisimami. Wao wanasimama kando ya reli, mukono umenyoshwa, na yule wa juu ananyakua. Mara nyingi hawaonani tena. Si matajiri, ni watu wa inchi ya miwa. Mwaka 2013 serikali iliwapa zawadi ya taifa ya haki za watu, lakini walikuwa wamekwisha kupika miaka 18 bila zawadi.

5. NA SISI JE?

Mahindi yanayotupatia bugali yalitoka kule. Ni watu wa Meksiko ya zamani, karibu miaka 9,000 iliyopita, waliochukua majani ya porini na kuyachagua mbegu kwa mbegu mpaka yakawa mahindi. Basi tunakula kazi yao kila siku. Tunaweza pia kula fundisho lao.

Waswahili wako na mezali mbili juu ya mugeni. Moja inasema: Mugeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili inasema: Mugeni siku mbili, siku ya tatu umupe jembe. Musafiri wa pikipiki hafiki siku ya tatu, kwa hiyo mezali ya kwanza inatutosha kwake. Lakini wako wageni waliopita siku ya tatu zamani: ndugu zetu waliokimbia vita, wenye godoro juu ya kichwa. Jamaa nyingi za Kivu zimewapokea katika nyumba zilizokuwa ndogo tayari. Wengine wako nasi darasani. Si watu wa kupita, na hawana pikipiki ya kuchekesha watoto. Mbele yao ndipo inaonekana kama sisi ni watu wa La Patrona, ao ni watu wa kupiga mikono tu mugeni anapopita.

Kwa ulizo tuliloweka mwanzo, jibu letu ni hili: wema unatayarishwa. Wanawake wale hawangoji treni ndipo watafute sufuria. Treni inakuta wali umeiva. Basi nasi tunaweza kutayarisha. Mutungi wa maji karibu na mulango wa masomo, na kikombe safi. Pompi ya mupira, ikae pahali panapojulikana. Kila darasa ijue fundi wa karibu anakaa wapi, na hali ya daraja zilizo mbele, ili musafiri akiuliza apate jibu la kweli. Na mwanafunzi mupya aliyekuja bila kaye, asiombe mara mbili.

Nanyi mutakaosafiri siku moja, mushike wajibu wa mugeni: salimu kwanza kabla ya kuomba, usimupige mutu picha mbele ya kumusalimu, lipa bei ya haki, ukipewa bure, shukuru, kisha umufanyie vile mwingine utakayemukuta mbele. Yule aliyekusaidia hutamuona tena. Deni lake utalilipa kwa mutu mwingine, na yeye kwa mwingine, na ndivyo njia inavyobaki wazi.